Risala ya Wachomwa Vidole wa Jumanne Juu ya Gego la Orville

Mgeni rasmi, Daktari Nadine Achterberg, daktari wa meno wa mji wetu wa Kettner Falls;
Mchungaji, uliyetuazima ukumbi huu wa chini ya kanisa na kutusihi tusiwamalizie samaki wanakwaya;
Nesi Bernadette Wojcik, mchomaji wetu wa vidole;
Majirani mliokuja kusikiliza risala, na ninyi wengi zaidi mliofuata samaki:

Kwa heshima na taadhima tunakusalimu, mgeni rasmi, na tunakukaribisha.

KUKARIBISHA

Tunajua ulialikwa kwenye samaki wa Ijumaa ya Kwaresima kama mgeni wa heshima, na hakuna aliyekuambia kwamba kutakuwa na risala. Hatukukudanganya. Hukuuliza.

Tunakuomba uendelee kula wakati sisi tunasoma, wala usituonee haya, kwa sababu samaki wa hapa akipoa haliki na viazi vyake ndiyo kabisa. Kabichi ipo kwenye lile bakuli kubwa mwisho wa meza. Ukiona hatujaigusa, usidhani mpishi katukosea. Majani ya namna hiyo huzipinga dawa zetu na kuifanya damu nzito, na Nesi Bernadette ameketi makusudi kando ya bakuli hilo, uma mkononi, wala hali. Anaangalia nani atapakua kijiko cha pili.

Anayesoma ni Verna Kuehl, aliyeendesha basi la shule la mji huu mpaka goti lilipomkatalia. Tumemchagua kwa sababu sauti yake inafika nyuma bila kipaza sauti, na kwa sababu nusu ya watu waliomo humu wamewahi kuteremshwa na yeye kwenye basi kwa utovu wa nidhamu, hivyo watanyamaza. Maneno tumeyaandika sote pamoja jikoni kwa Arlys Tollefsrud. Tunaposema sote, hatumhesabu mume wake, Orville. Huyo tulimtuma apande ngazi akaangalie theluji iliyobaki kwenye paa. Paa halikuwa na theluji.

Ndiyo, Orville, tunakusema wewe. Kaa. Tuliandika kabisa hapa kwamba tukifika mstari huu utakumbuka kwamba unataka kahawa. Kahawa iko mbele yako.

HISTORIA FUPI YA KIKUNDI

Mgeni rasmi, sisi ni watu wa damu nyepesi. Kila Jumanne asubuhi tunakutana kwenye zahanati ya wilaya, tunapanga mstari, Nesi Bernadette anatuchoma kidole mmoja mmoja na kuweka tone kwenye mashine yake ndogo, mashine inatoa namba. Namba ikiwa chini, damu imekuwa nzito, anatugombeza. Ikiwa juu, imekuwa nyepesi kupita kiasi, anatugombeza vilevile. Ikiwa sawasawa anasema "haya, nenda," na siku hiyo mtu anatoka kifua mbele hadi kwenye mkate mtamu na kahawa.

Wengine kati yetu mapigo ya moyo hayana mpangilio. Wengine waliwahi kupata damu iliyoganda mguuni. Orville ana vali ya chuma moyoni, ambayo wakati wa sala ya kimya tunaisikia ikigonga kutoka benchi lake la nyuma, na wapo wanaosema wanasali vizuri zaidi wakiisikia. Mmoja wetu tu hamezi dawa yoyote ya damu. Huyo ni Joelle Lindqvist, anayetuhudumia kahawa pale hotelini na ambaye ndiye mdogo wetu. Sisi wepesi wa damu yetu tumeumeza kwa vidonge, yeye amezaliwa nao. Tulimwingiza kikundini kwa kura zote, na kwa sababu ndiye peke yake anayeweza kusoma maandishi madogo kwenye chupa.

Dawa yetu ina asili yake, na asili hiyo ni ng'ombe. Zamani za babu zetu, mvua ikinyeshea majani ya klova, yale malisho ya ng'ombe, yaliyovunwa na yakavunda ghalani, ng'ombe waliyala, kwa kuwa mwaka wa shida hakuna cha kutupa. Baadaye mkulima alimkata ndama pembe kama kawaida, na damu haikukoma tena. Wataalamu wa chuo kikuu wakayachunguza majani yale wakakipata kilichomo. Kikauzwa kwanza kama sumu ya panya, kisha ndiyo kikaletwa kwetu. Hatulalamiki kwamba panya walitutangulia. Tunataja tu.

Kwa hiyo kila mtoto wa shamba katika wilaya hii alifundishwa na baba yake, kabla hajajua kusoma, kwamba ng'ombe aliyekula majani yaliyovunda humgusi kwa kisu. Unamwachisha majani hayo, unasubiri damu yake irudi, ndipo unamkata pembe. Orville amefuga ng'ombe wa maziwa maisha yake yote, hadi walipouzwa wa mwisho, na somo hilo analijua kuliko amri kumi.

Kwa upande wa meno, kwa miaka mingi tulikuwa na Daktari Emil Zastrow, ambaye sasa amestaafu na kuhamia Arizona. Ametuandikia kwamba kule hakuna theluji, na kwamba hakuna sisi, na kwamba vyote viwili vimemfaa. Alikuwa anang'oa meno yetu hapahapa mjini. Hakuwa na uchawi. Asubuhi mapema, namba ya siku hiyohiyo kutoka kwa Bernadette, jino moja kwa safari moja, kidonda kushonwa kwa uzi, halafu pamba ya kung'ata. Na hakuna kwenda nyumbani mpaka aridhike. Kwenye chumba chake cha kusubiria palikuwa na meza ya karata, na aliyeng'olewa alikaa hapo, pamba mdomoni, akicheza na yeyote aliyekuwa akisubiri zamu. Hakuna aliyeruhusiwa kusema neno. Ilikuwa ndiyo michezo ya heshima kuliko yote iliyowahi kuchezwa katika mji huu, kwa kuwa hakuna aliyeweza kubishia pointi.

MAFANIKIO TANGU ULIPOFIKA

Daktari Zastrow alipofunga tulikaa bila daktari wa meno tukijitibu kwa karafuu na ubishi. Ndipo ukaja wewe kutoka Milwaukee, msimu wa kuvuna maboga, na viatu ambavyo havikufaa.

Mgeni rasmi, tunakushukuru kwa dhati. Umewatibu watoto wetu bila wao kulia, jambo ambalo Daktari Zastrow, Mungu ampe afya, hakuliona kuwa la lazima. Uliacha chakula chako cha Jumamosi ukaja kumrudishia meno ya mbele kijana aliyepigwa na mpira wa magongo barafuni. Umeweka tangi la samaki chumba cha kusubiria, na hata wasioumwa wanaingia kuwatazama. Umejifunza kutembea kwenye barafu. Wakati ulipokuwa bado hujajifunza, tulikuwa tukikuona ukianguka pale mbele ya benki, na kila mara tuligeuka upande mwingine kwa adabu, tukarudi kukutazama ulipokuwa umesimama.

Una mikono mizuri. Tunasema hivi sasa, mapema, kwa sababu mbele kidogo tutayasema mengine.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni karatasi moja uliyoibandika kwenye dirisha la mapokezi. Inasema kwamba wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, na wenye maradhi ya kutokwa damu, hawang'olewi meno hapa, bali wanaandikiwa kwenda hospitali kuu ya jiji. Ina picha ya jino linalotabasamu. Joelle anasema hajawahi kuona mtu akikataliwa kwa furaha namna ile.

Hatuna hasira na karatasi hiyo. Tunaijua ilikotoka. Siku moja dukani, mkiwa mbele ya jibini, ulimwambia Verna: "Vitabu vyote vinasema niwang'oe bila kuwaachisha dawa. Najua, Verna. Nimevisoma. Lakini nikiwa mwanafunzi kuna baba mmoja alitoka damu kutwa nzima mikononi mwangu. Alipona, yuko mzima hadi leo. Mimi nikikumbuka tu mikono inaanza kutetemeka."

Verna akakutilia jibini kwenye kikapu chako, lile kali. Tunaomba radhi kwamba alituambia sisi. Unaishi mji mdogo sasa.

Basi, ikaja zamu ya Orville. Ulikuwa msimu wa kuwinda kulungu, gego la chini likamvimba. Alikuja kwako amevaa kofia upande, si kwa mbwembwe, bali kwa kuwa shavu halikuiachia nafasi.

"Hili halisalimiki, Orville," ulimwambia. "Litatoka tu. Lakini siwezi kulitoa hapa, na hiyo dawa unayomeza. Damu ikikataa kukata nitafanyaje? Ngoja nikuandikie hospitali kuu."

"Sawa tu, daktari. Wala usihangaike."

"Kule wana foleni. Utavumilia?"

"Aa, mbona haliumi sana."

Mgeni rasmi, hapa inabidi tukufafanulie kitu ambacho huko kwenu Milwaukee labda hakipo. Mtu wa huku akisema haliumi sana, usiku halali. Akisema si kitu, muite mchungaji. Wazee wetu walivuka bahari wakatua kwenye baridi hii, wakajenga makanisa, na jambo moja walilotuachia wote ni kutomsumbua mtu. Orville amerithi fungu lake na la binamu zake. Ghala lake liliposhika moto, alingoja jirani amalize kukamua ndipo akamwomba simu.

Ulimpa dawa ya kuua vijidudu, uvimbe ukashuka, ukarudi. Hospitali kuu ikajibu kwamba atapata nafasi mahindi yakishakuwa marefu, na wakati huo mashamba yalikuwa bado chini ya theluji. Na Orville, badala ya kurudi kwako akuambie, akaenda kwenye zizi lake tupu akafikiri.

Alifikiri kwa ung'ombe. Hatumtukani, hata yeye mwenyewe amekubali neno hilo. Alijiambia: tatizo la daktari ni majani, yaani kidonge. Niache majani, nisubiri damu irudi, kisha nimpelekee jino akiwa hana la kuogopa. Akaacha kumeza. Kila jioni Arlys alimpa kidonge, na kila jioni Orville alikipeleka mdomoni kwa uaminifu, akakitoa zizini, akakitia kwenye mfuko wa ovaroli, kwa sababu kutupa kitu kizima hawezi.

Jumanne ikafika. Nesi Bernadette akachoma kidole, akaiona namba chini mno, akaigongagonga mashine.

"Orville. Umekula nini?"

"Kabichi."

"Kabichi? Umekula shamba zima?"

"Ilikuwa tamu."

Bernadette akampigia daktari wa moyo wa Orville, dozi ikaongezwa, na Orville akaitikia kwa kichwa kila neno, akaenda nyumbani akaiongeza dozi hiyo kwenye ovaroli. Sisi tuliokuwa kwenye mstari tulicheka. Tulimtania kwa kabichi ile njia nzima hadi kwenye kahawa. Leo hatuipendi kumbukumbu hiyo.

Kesho yake wakati wa chakula cha mchana, Arlys alimsikia akiomba siagi. Alimpa. Orville akaitazama ile siagi, akafungua mdomo amwite Arlys kwa jina, na jina halikuja. Lilikuja neno lisilo neno. Kikombe kikamponyoka mkono wa kulia, naye akabaki anautazama mkono ule kama wa mtu mwingine. Wameoana tangu wakiwa vijana, na kwa mara ya kwanza mume wake alikuwa anamtazama bila kujua pa kumpata.

Wa zimamoto, ambao huku ndio wanaobeba pia wagonjwa, walifika upesi, ni majirani tu. Walipokuwa wanamfunga kwenye machela, ulimi ulianza kurudi, na maneno ya kwanza aliyoyasema wazi, wote walioshuhudia wanakubaliana, yalikuwa haya: "Samahani jamani, nimewaachisha chakula."

Ilikuwa dalili ya kiharusi, daktari wa moyo alisema, iliyopita bila kuacha alama. Donge dogo la damu kutoka kwenye vali. Lingekuwa kubwa kidogo kuliko lile, tungekuwa ukumbini humu kwa shughuli nyingine, na samaki wasingekuwepo. Jioni hiyo, hospitalini, Arlys alikaa kando ya kitanda akiwa na ovaroli mapajani, kwa kuwa alikuwa amepapasa mfuko.

"Uliacha dawa, Orville?"

"Kidogo."

"Kidogo namna gani? Mfuko umejaa!"

"Ng'ombe unamwachisha yale majani kwanza. Kila mtu anajua, Arlys."

"Na ng'ombe ana vali ya chuma moyoni?"

Orville akalifikiria swali hilo kwa haki. "Hana," akasema. "Lakini yule binti ni mgeni hapa, na anaogopa. Niliona nimpunguzie."

Arlys hakulia ng'ombe wa mwisho walipouzwa. Hakulia siku walipompasua Orville kifua wakaiweka hiyo vali. Siku hiyo alilia, mgeni rasmi, hadi nesi wa wodi akaja kuuliza mgonjwa ni nani kati yao. Alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na ametupa ruhusa tuseme hivyo.

Sasa mambo yamesimama hivi. Daktari wa moyo amesema Orville asiache dawa hata siku moja. Amesema pia jino litoke, tena mapema, kwa sababu uchafu wa pale ukiingia kwenye damu unaweza kwenda kukaa kwenye vali, na huko hautolewi kwa kusukutua. Hospitali kuu inasema mahindi marefu. Karatasi yako inasema si hapa. Na Orville anasema haliumi sana.

Yupo pale mbele, kama unavyomwona. Amekata samaki wake vipande vidogo vidogo, amevisogeza sahani nzima, na hajala hata kimoja.

Tena tunakuambia hofu yetu yenyewe, bila kuizunguka. Tunaogopa kwamba atafanya tena. Ovaroli Arlys ameishona mifuko yote, na jioni anamkagua mdomo kwa tochi, lakini mtu anayetaka kukusaidia usiogope ana mbinu nyingi.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tuna maombi machache.

Kwanza, tunaomba umng'oe Orville Jumatatu, asubuhi, hapahapa. Tulipanga kabla ya kukuuliza, na kwa hilo utusamehe au usitusamehe, ilimradi umng'oe. Nesi Bernadette amekubali kuja na mashine yake hadi mlangoni kwako, na namba ikizidi unayoitaka, tutarudi nyumbani bila kununa. Daktari wa moyo amempa Arlys simu yake ya mkononi na kusema umpigie wakati wowote. Dozi ya dawa ya kuua vijidudu, ya kulinda vali, Orville ataimeza saa nzima kabla, mbele ya mashahidi. Uzi, pamba, ile dawa ya kusukutua inayolishikilia donge la kidonda lisitoke, hayo ni yako, unayajua, hatukufundishi kazi. Nyumbani hakutakuwa na aspirini, hakutakuwa na chai ya moto, hakutakuwa na kuinua ndoo. Arlys amekwisha kumtishia kwa kila moja.

Pili, tunaomba meza ya karata irudi. Tulikuta umeiweka stoo, nyuma ya maboksi ya glavu. Tangi la samaki libaki, hatutaki vita na watoto. Lakini Orville akitoka kwenye kiti atakaa mezani na pamba yake, na Verna atakaa mbele yake, na hatatoka hapo mpaka wewe utazame mdomoni na kusema basi. Ikichukua asubuhi yote, ichukue. Ikichukua na mchana, Joelle ataleta supu, ya vuguvugu, kwa ajili ya Verna. Orville atapewa ikipoa.

Tatu, tunaomba ile karatasi ya dirishani ibadilishwe maneno. Iseme kwamba mwenye damu nyepesi amwambie daktari mapema, na kwamba asiache dawa yake kwa akili yake mwenyewe, hasa kama ni mkulima. Joelle naye ana gego linaloanza. Daktari wake wa damu ameshamwandikia dawa ya kupuliza puani, ya kuisaidia damu yake igande, kabla ya kung'olewa, na yuko tayari kuzungumza na wewe ipasavyo. Anasema atakuja akiona Orville katoka mzima. Jino lile linalotabasamu anaomba libaki, amelizoea.

Nne, ni kuhusu yale uliyomwambia Verna mbele ya jibini. Hatuna dawa ya hilo. Daktari Zastrow tulimpigia simu Arizona, tukamweleza, akasema mikono yake ilikuwa inaanza vilevile kila mara, hadi mwaka wa mwisho, na ndiyo sababu hakumruhusu mtu aende nyumbani mapema. Alikuwa anawaweka pale kwenye karata ili yeye atulie, si wao. Amesema Jumatatu hiyo atakaa na simu kando ya bwawa la kuogelea, na ukitaka apige stori tu wakati unashona, atapiga. Anapenda sana kuongea, tunakuonya.

Ombi la mwisho ni dogo kuliko yote, na ndilo lililotuleta.

Orville tumemwambia sote. Arlys amemwambia kwa upole na kwa ukali. Mchungaji amemwambia. Bernadette amemwambia kwa sauti iliyosikika hadi maegeshoni. Anaitikia, anasema sawa, na tunamjua, hajaamini. Moyoni mwake anaona kwamba akija na damu yake kama ilivyo, atakuwa amekuletea mzigo, na wewe binti wa watu uko mbali na mama yako. Amekuonea huruma, daktari, hadi karibu imuue. Hatutaki kukulaumu kwa hilo, kwa sababu na sisi tumewahi kukuonea huruma, na ndiyo maana tumechelewa kusema hadi leo. Tungesema wakati wa kulungu. Tulikaa kimya kwa adabu, na adabu hiyo ilikuwa ya kijinga.

Kwa hiyo tunaomba umwambie wewe. Kwa mdomo wako, sasa hivi, Arlys akisikia. Si lazima usimame. Mwambie, "Orville, njoo Jumatatu, na dawa zako umeze." Akijibu kwamba haliumi sana, usimkubalie.

HITIMISHO

Kwa desturi msomaji wa risala humkabidhi mgeni rasmi nakala yake, akapigiwa makofi, akaketi. Tumekubaliana kwamba Verna hataketi bado, na tunakukumbusha tu lile goti lake.

Mgeni rasmi, Mungu akulinde kwenye barafu iliyobaki mwaka huu. Aitulize mikono yako, na kama haitatulia, aitumie hivyohivyo. Akupe uzee mrefu na meno yako yote. Awabariki watoto unaowatibu, na mama yako kule Milwaukee, aliyekulea ukawa mtu ambaye mzee kama Orville anaona haya kumsumbua. Na azihifadhi damu zetu, nyepesi na nzito, kila moja mahali pake.

Ni sisi, Wachomwa Vidole wa Jumanne, Kettner Falls. Tumemaliza, na tumenyamaza ili Orville akusikie.